Waya Nyeusi za Boti ya Mama Balbir

Small Heath, Birmingham
Septemba, 1976

Mama Balbir,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho. Kipunjabi sikijui zaidi ya yale matusi uliyonifundisha, na Kiingereza chako kilitosha kununua mkate na kugombana na kondakta wa basi. Kiswahili ndicho ulichokivunja kwa raha zako, kama mtu avunjaye njugu, maganda huku na huku. Watu wetu wa Mombasa wangekusikia ukisema "mimi iko kuja sasa hivi" wangeziba masikio. Mimi mwenyewe nilikucheka mwaka mzima wa kwanza. Sasa nikilala naisikia sauti ile ile, na nikiamka huchukua muda kabla sijakumbuka kwamba umekufa.

Umekufa, Mama Balbir. Nimeliandika neno hili hapa ili tulione sote wawili, maana mdomoni bado linanikataa.

Mvua imerudi juma hili. Nimekaa dirishani mwa chumba changu cha juu, nyumba ile ile yako, nasikiliza inavyoligonga turubai la boti huko uani. Wewe hukuiona hali iliyotupata. Baada ya kukuaga, jua lilikaa juu ya mji huu kana kwamba limesahau njia ya kushuka. Nyasi zikawa na rangi ya mkeka. Redio ikakataza watu kumwagilia bustani kwa mpira. Wazungu wakavua mashati wakalala kwenye nyasi kavu kama waliokata tamaa, na mimi nikapita katikati yao kwenda kazini, kichwa kikiwa chepesi, miguu kama ya mtu mwingine. Lami ya Coventry Road ilikuwa ikimetameta. Mara nyingi nilikuona kwa mbali unakuja na kapu la vitunguu, mtandio wako mweupe unapepea, hatua zako za bata. Nikapunguza mwendo nikungoje. Ukikaribia unakuwa mtu mwingine, ananipita, ananiacha nimesimama na tabasamu langu la bure.

Siku waliyokuchoma nilikaa nyuma kabisa. Nisamehe. Kwetu mtu hurudishwa udongoni, na kiganja changu kilikuwa kikitafuta udongo wa kushika, kikakosa. Nikakusomea dua kimoyomoyo, ile ninayoijua, nikitumaini huko uliko hawakagui pasi za dini. Balbir alikurudisha nyumbani ndani ya chungu cha shaba akakuweka kabatini juu ya masufuria, pale ulipokuwa ukificha sukari guru yako. Nikifungua kutafuta chumvi nakusalimu. Mwanao alinisikia siku moja. Akachukua kikombe chake akatoka.

Lakini kukaa kabatini hakukuwa kwa kudumu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Shemeji yako wa Wolverhampton, yule aliyeyapeleka majivu ya Baba Balbir hadi Punjab, alikuja Jumapili moja akasema anasafiri tena mwisho wa Agosti na atakubeba. Alisema kwa upole, kama mtu anayejitolea kukufikishia kifurushi. Nilikuwa namimina chai. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hapana, yeye hakutaka."

Shemeji yako na Balbir wakanitazama.

Ningefanyaje? Uliniambia mimi, hukuwaambia wao. Tulikuwa kwenye ubao wetu wa kazi, unafunga waya kwa utepe, hata kichwa hukuinua. Ukasema, "Rukia, Punjab mimi natoka mtoto. Nakuru mimi natoka mama. Hapa mimi nachoka. Mimi kikufa, hapana hamisha mimi tena. Tia mimi kwa maji ile nakimbia, na boti ya Mzee, basi." Kisha ukaniomba mkasi. Nilidhani ni mazungumzo tu ya kuvuta saa.

Shemeji yako hakunitukana, haki yake nimpe. Aliuliza tu, "Maji gani yanayokimbia hapa?" akanyoosha kidole upande wa mfereji ulio nyuma ya nyumba, ambao kwa ukame ule ulikuwa umelala kijani kibichi kama supu ya mchicha, na kiatu kimoja kinaelea. Nikamtajia Mto Severn. Nikasema hata kutoka darajani yatosha. Akasema kutoka darajani watu hutupa takataka. Na alisema kweli.

Balbir ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, mwana ni yeye. Unamjua mwanao. Tangu mfike huku ukimsemesha Kiswahili anaelewa yote na kujibu Kiingereza, ukimsemesha Kipunjabi hali kadhalika, na ukimtaka aseme ndiyo au la, anatazama viatu vyake. Alivitazama sana siku ile. Mwishowe akasema: kama boti itawaka kufikia Jumapili ya mwisho, tutampeleka mtoni. Isipowaka, baba mdogo amchukue Jumatatu. Nikajua anachofanya. Alitaka boti iamue badala yake, asimkosee mtu. Shemeji yako akaangalia dirishani, akaliona turubai, akakubali upesi sana. Nani asingekubali? Boti ile haikuwa imewaka tangu aje nayo Baba Balbir.

Nakumbuka siku alipoileta. Mimi ndio kwanza nimehamia kwenu, mume wangu keshanikimbia, nimekaa ngazini na sanduku langu. Yule bwana wa Sutton Coldfield ambaye Baba Balbir alikuwa akimsafishia banda alimwambia aichukue, inamzibia nafasi. Boti ya faiba, nyekundu iliyopauka, viti vimepasuka, haina rafadha. Nikauliza itaendaje bila rafadha, na Baba Balbir akalala chini ya trela na kilemba chake safi kunionyesha tundu tumboni mwake: humo inafyonza maji, na kwa nyuma inayatema kwa nguvu, na huko kutema ndiko kunakoisukuma. Alikuwa fundi wa pampu za visima huko Nakuru, akaipenda palepale. Wewe ulisimama mlangoni na mwiko ukasema, "Yeye naleta bibi ya pili." Majira ya baridi yakaja, moyo wake ukasimama, na boti ikabaki uani kama mgeni ambaye mwenyeji wake ametoka.

Ni wewe uliyeamua tuitengeneze. Sijui hata leo kama ilikuwa kwa mapenzi au kwa hasira. Tulifunua ubao wa mbele tukakuta waya zimeoza, maganda yanamung'unyika vidoleni, shaba imegeuka kijani, na panya wamefanyia humo arusi. Ukacheka. Ukasema, "Hii kazi yetu."

Na kweli ilikuwa kazi yetu. Kuna watu wanaodhani gari huzaliwa na waya zake tumboni kama mtu na mishipa. Hawajui kuna banda refu lililojaa wanawake, kila mmoja na ubao wake uliopigiliwa misumari, wanalaza waya kutoka msumari hadi msumari, ya kahawia, ya kijani, nyeupe, nyekundu, ya zambarau, kisha wanazifunga kuwa shada moja linaloingia garini zima zima. Mimi na wewe tulisuka mashada hayo mpaka vidole vikawa vinajua vyenyewe. Tungeweza kusuka huku tumelala, na nadhani siku nyingine tulilala. Yale majira ya baridi, joto la banda, mvumo wa mashine, rangi zinapita mikononi, wewe unaimba kwa sauti ya chini wimbo wako usio na mwisho. Mara nyingine nilikuwa sijui niko Birmingham au niko barazani kwetu nasuka ukili.

Basi tukaitengeneza boti kwa namna pekee tuliyoijua. Tuling'oa waya zote mbovu tukazilaza juu ya mlango wa zamani sebuleni, tukapigilia misumari kufuata umbo lake, tukasuka shada jipya juu yake. Majira mawili ya baridi, jioni baada ya kazi. Meza ya kulia ikahamia jikoni. Balbir akawa anapita kwa upande kama kaa, anatukodolea macho. Ulinifundisha kutolazimisha. "Hapana vuta," ulikuwa ukisema. "Uliza yeye taratibu, yeye takuonyesha." Na waya ikikwama kweli niliuliza, naona haya kukuambia, niliiuliza kwa sauti.

Tulipolifunga shada ndani ya boti, mwanzoni mwa mwaka huu, ulivaa nguo nzuri. Ukawasha ufunguo. Starta ikazungusha injini vizuri, injini ikakohoa, ikakohoa, haikushika. Ukabonyeza honi. Honi ikatoa kilio cha paka mgonjwa, na sindano ya joto ikapanda juu, na hali injini baridi kama barafu. Ukawasha taa ya mbele, ikawa nyekundu hafifu kama sigara gizani, ukibonyeza honi tena taa inakonyeza. Tulicheka mpaka ukaulalia usukani. Ukasema, "Mzee naingia ndani ya boti, nacheza na sisi."

Kisha ukaanza kukohoa wewe, na boti tukaifunika. Kufikia Juni, wewe ukawa umekwisha.

Kwa hiyo fikiria hali yangu mwezi ule wa Agosti. Balbir anarudi kutoka zamu ya Longbridge, ambako anafunga milango ya magari na haambiwi lolote kuhusu umeme. Mimi narudi kutoka bandani. Tunakutana uani juani. Nilifuata njia yako hatua kwa hatua. Nikachukua ile balbu yako yenye waya mbili, ncha moja nikaishikiza kwenye chuma cha injini, ncha nyingine nikaipeleka kuuliza. Kwenye betri, ikawaka. Kwenye fyuzi, ikawaka. Kwenye swichi, ikawaka. Nikafuata waya nyeupe mpaka kwenye ile pampu ndogo ya petroli iliyofungwa ukutani nyuma ya kiti, ikawaka vizuri kabisa. Umeme umefika. Ila pampu kimya, na bila pampu injini haipati petroli, ndiyo maana inakohoa tu.

Nikasema pampu imekufa. Balbir akaenda kwa wauza vyuma chakavu akaleta nyingine, akaijaribu kwenye gari la rafiki yake, ikafanya kazi. Tukaifunga kwenye boti. Kimya. Honi ni nzima, lakini inalia kama paka. Taa ni nzima, lakini inakonyeza. Nilikaa ndani ya boti ile, jua linanipiga utosini, nikalia kwa hasira. Nilikuambia, ewe mwanamke, umekaa kabatini unanicheka. Njoo uniambie kosa liko wapi. Nilikaa nikikungoja kweli. Faiba ilikuwa ya moto, harufu ya petroli na mpira, macho yananifumba, na kwa muda ukawa umekaa kiti cha pili, viatu umevua, unamenya chungwa. Ulikuwa na raha zako tu. Balbir akaja akanigusa bega. "Leave it, Aunty," akasema. "Maybe it's better he takes her," yaani heri baba mdogo akuchukue. Nikamjibu kwa Kiswahili neno ambalo sitaliandika.

Ijumaa ya mwisho nikaenda kazini nimekata tamaa. Saa ya chai nikatembea hadi mwisho wa banda, karibu na mlango, kutafuta upepo. Unakumbuka meza ile ya mlangoni, ya yule mama wa Jamaika anayevuta mapua akicheka? Miaka yote tumeipita asubuhi na jioni. Alikuwa anabana vichwa vya duara kwenye waya fupi fupi nyeusi, anazitupa kikapuni. Kikapu kimejaa weusi mtupu. Nikauliza, ili kusema neno tu, hizo zinakwenda wapi. Akasema ni za kurudishia, zinafungwa kwenye bodi ya gari. Hakuna shada bila hizi, mpenzi, akasema.

Mama Balbir, nilishika ukingo wa meza.

Waya nyeusi. Mimi na wewe hatukuwahi kusuka waya nyeusi hata siku moja. Hazikuwa za ubao wetu. Zile kuukuu tulizozing'oa kwenye boti zilikuwamo, nakumbuka kama naziona, zimeshikana na kutu, na wewe ukazirusha pembeni ukasema, "Hiyo hapana yetu," nami nikaitikia, hapana yetu, kama watu wawili wenye akili timamu. Tukazifagia pamoja na mavi ya panya!

Umeme hauendi tu, unarudi pia. Ukitoka kwenye betri ukafanya kazi yake, lazima upate njia ya kurudi kwenye betri, la sivyo hautoki kabisa. Kwenye gari njia hiyo ni bodi yenyewe, chuma kitupu, kwa hiyo sisi wa mashada hatukujishughulisha nayo. Boti yako ni faiba, na faiba haipitishi kitu. Umeme ulifika kwenye pampu ukakuta ukuta. Ulifika kwenye honi, ukatafuta njia ya nyuma, ukaikosa, ukapenya kwa jirani zake, kwenye taa, kwenye sindano ya joto, ukarudi umechoka. Hakuna aliyeingia kucheza na sisi. Ni wanawake wawili waliosuka njia za kwenda peke yake.

Nilicheka peke yangu mlangoni pale mpaka yule mama akanipa maji. Kisha akanipa na konzi ya waya nyeusi zilizokatwa vibaya, za kutupwa.

Jumamosi nilimpa Balbir spana bila kumweleza. Tukafunga waya nyeusi kwenye pampu, kwenye honi, kwenye taa, kwenye kila kitu kilichofungwa kwenye faiba, tukazikusanya zote kwenye bolti moja ya shaba, na kutoka hapo waya nene hadi kwenye betri. Mikono yake ni yako. Sikuwa nimeona. Kidole gumba kile kinachopinda nje. Alipokaza ya mwisho nikawasha ufunguo, sikuzungusha injini, nikaacha tu. Nyuma ya kiti ikaanza: tik, tik, tik. Ile pampu ndogo ilikuwa inavuta petroli. Tulisimama tukaisikiliza kama watu waliosikia mtoto akipumua chumba cha pili. Balbir akapanda, akabonyeza honi, ikapiga ukelele uliowafanya njiwa wa mtaa mzima waruke, na jirani yetu akatoa kichwa dirishani akatulaani. Balbir akabonyeza tena.

Lakini injini yenyewe hatukuthubutu kuiacha iungurume, maana boti ile hupoza injini kwa maji inayoyafyonza, na mpira wa bustani ulikuwa marufuku. Ingebidi iamuliwe mtoni.

Jumapili asubuhi shemeji yako alikuja akakusomea sala, akakugusa, akatuambia tukumimine taratibu, kwa heshima, kama inavyompasa mama. Hakuja nasi. Nadhani alikuwa na hakika tutarudi nawe. Balbir aliazima gari la rafiki yake, tukaikokota boti hadi Stourport, ukingoni mwa Severn, wewe mapajani mwangu. Mashamba yote yalikuwa ya manjano. Nilikuonyesha njia nzima, ng'ombe, makanisa, mtu anauza aiskrimu. Balbir alinisikia nikikusemesha, na safari hii akapunguza mwendo wa gari penye kona.

Mto ulikuwa umepungua lakini ulikuwa unakwenda. Nilitupa jani, likachukuliwa, nikasema alhamdulillahi. Tukaishusha boti, ikaelea, ikayumba kidogo kama mtu aliyekaa sana. Balbir akaweka ufunguo akasita. Nikaona anatamani isiwake na anatamani iwake. Akazungusha. Ikakohoa. Ikakohoa. Kisha ikashika, Mama Balbir, ikashika kwa ngurumo iliyotikisa meno yangu, maji yakachemka kwa nyuma, na watu waliokuwa wakila mikate ukingoni wakanyanyuka.

Tukapanda mto hadi pasipo na watu. Miti imeinama, maji ya kahawia, mwanga unacheza tumboni mwa majani. Balbir akapunguza injini hadi ikawa inanong'ona. Hakuizima. Aliniambia baadaye aliogopa ikizimwa haitawaka tena, na mimi pia niliogopa hivyo hivyo, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu mwenzake. Akaja mbele na chungu. Akaanza sala akasahau katikati, akaanza tena, akasahau palepale. Akasema tu, "Mama." Akakumimina ubavuni, taratibu sana, kama tulivyoagizwa.

Ukaenea juu ya maji kama unga. Ukakaa hapo kidogo. Nikadhani ndiyo hivyo, imekwisha.

Kisha ukageuka. Niliona kwa macho yangu. Wingu lako lote liliingia chini ya boti, kwa haraka, kama mtu aliyeitwa. Nikakumbuka lile tundu na nikapiga kelele, "Balbir, inamfyonza!" lakini umeshaingia. Tukasikia chembe zako zikipita ndani ya chuma, zikigonga, kama mchele kwenye ungo. Halafu ukatoka kwa nyuma, Mama Balbir, ukatoka kwa kishindo, mkia mweupe wa maji uliopaa juu ukashika jua, ukaanguka mbali huko, na mto ukakuchukua unakimbia.

Nilishika kichwa. Nikasema tumeharibu, tumemsaga mama wa watu. Nikamtazama mwanao nikitegemea nione uso wa mtu aliyevunjika. Alikuwa amefungua mdomo. Machozi yanamtiririka hadi ndevuni, na anacheka, anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu baba yake afe, ameshika kioo cha boti asidondoke. Akasema, "Mama iko nakwenda!" Kwa Kiswahili. Kibovu, cha kwako hasa. Nami nikacheka nikalia, na chungu chako nikakisuuza kwa maji ya mto, hadi kikawa safi.

Sasa mvua imetulia. Balbir yuko chini anakaanga mayai na kuyaunguza. Hajasema ataiuza boti wala hataiuza, ila jana nilimkuta uani ameinua turubai, anakagua ile bolti ya shaba kama imekaza. Kazini wamempa ubao wako msichana mmoja wa Kampala, wa wale Wahindi waliofukuzwa kule. Ana haraka, anavuta. Ninamkemea kwa maneno yako, ananishangaa.

Nakukosa, Mama Balbir. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema. Wakati mwingine ndotoni tunasuka shada refu lisilo na mwisho, linatoka mlangoni linafuata barabara, na hakuna anayeuliza ni la gari gani.

Lala salama uliko, au kimbia salama, sijui kipi kinakufaa. Mungu wangu na wako wakikutana kwa ajili yako, wasigombane. Mimi nakuombea kwa njia yangu kila nikishika chumvi, hata kabati likiwa tupu.

Shemeji yako anarudi kutoka Punjab kabla ya baridi. Ataketi kiti kile kile, atakunywa chai yangu, ataniuliza kama ulikwenda taratibu, kwa heshima. Balbir atatazama viatu vyake. Nakuahidi kwamba mimi sitamdanganya. Nitamwekea sukari ya kutosha kwanza, kisha nitamwambia: la, bwana, hakwenda taratibu. Alikwenda mbio, akimwaga mwanga njia nzima, na mwanawe alikuwa anacheka.

Mwenzio wa ubaoni,
Rukia